Kiti Kisicho na Bizimu

Ukifika kijiji cha Ziwani ukauliza nyumba ya fundi mikanda, mtoto yeyote atakupeleka hadi mlangoni bila kukuomba kitu, maana huenda begi lake la shule limeshonwa hapo. Asadi hana cherehani wala kibao chenye jina lake. Ana sindano ya kushonea magunia, uzi wa nailoni, nyundo, tindo ya kukatia chuma, na rundo la ile mikanda mipana ya kufungia mizigo kwenye malori. Mkanda ukichanika upande mmoja, madereva wa saruji na korosho huutupa, naye huenda Mtwara mjini kuiokota, akaifua kwa sabuni ya unga, akaianika ukutani, akaziunguza ncha zake kwa kibiriti zisifumuke. Humo hutoka mabegi, vitanda vya kusuka, mikanda ya kubania magunia kwenye pikipiki, na chochote kingine ambacho mtu atakuja kukieleza kwa mikono akishindwa kukitaja jina.

Vyuma anavitoa kwenye mabegi yaliyokufa na viti vya magari mabovu: pete, kulabu, bizimu. Bizimu anaziheshimu kuliko vyote. Ndizo zinazokaza mkanda na kuulegeza, na kwa sababu hiyo kitu chenye bizimu kinamfaa mnene na mwembamba, baba na mwana. Ribiti ni kitu kingine. Ribiti ni kile kimsumari kifupi unachokipenyeza kwenye mikanda miwili ukakigonga hadi kikatandaza kichwa pande zote mbili, na ukishakigonga umekigonga. Asadi alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba ribiti ni ya kitu kisichobadilika, na binadamu hubadilika, kwa hiyo kinachovaliwa na binadamu kiwekewe bizimu. Shikeni neno hilo, maana mwenyewe hakulishika.

Alikuwa na mtoto mmoja, Amiri, wa miaka tisa. Homa kali ilimpata akiwa bado ananyonya, ikamwachia uhai ikaondoka na nguvu za miguu na nusu ya nguvu za mgongo. Mtoto huyo aliishi ndani ya mikanda ya baba yake. Kiti chake cha kulia chakula kilikuwa na mkanda wa kifuani, kitanda chake kilikuwa na mkanda wa kujivutia akitaka kugeuka, na kwenye baiskeli ya Asadi palikuwa na kiti kilichofungwa kwa bizimu sita, nacho ndicho kilichompeleka shuleni kila asubuhi. Njiani Amiri alikuwa akipiga ngoma kwa viganja kwenye kichwa cha baba yake, na Asadi alikuwa akikiinamisha kichwa kidogo ili mtoto apige vizuri.

Sasa, watu husema wivu ni ugonjwa wa wanawake. Ni waongo, na wengi wa wanaosema hivyo ni wagonjwa wenyewe. Asadi hakuwa akimwonea wivu mkewe, Tatu, ambaye angeweza kusimama na kucheka na mwanaume yeyote sokoni naye asigeuke. Wivu wake ulikuwa kwa mtoto, na mtu aliyekuwa akimwonea gere ni Hemedi, kaka wa Tatu, mjomba wa Amiri.

Hemedi alikuwa mpakia mizigo bandarini Mtwara, mtu wa mabega kama mlango. Alikuwa akija Ziwani Ijumaa baada ya swala, na sauti yake ilikuwa ikifika kabla yake. "Yuko wapi bwana mkubwa?" angeuliza kutoka barabarani, na Amiri angepiga kelele ndani kama mtu aliyeitwa mbinguni. Hemedi alikuwa akimfungua mikanda yote, akamrusha juu, akamdaka, akamrusha tena, na mtoto alikuwa akicheka kicheko ambacho Asadi hakuwahi kukipata hata siku moja. Asadi angebaki amekaa na sindano mkononi, akizitazama zile bizimu zake zilizoachwa wazi kwenye kiti. Mimi ndiye ninayemwosha, angejisemea. Mimi ndiye ninayemgeuza usiku. Huyu anakuja na machungwa manne na mabega.

Na jambo lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na pa kulalamikia. Kwa desturi ya huku, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Asadi alioa akahamia kwa kina Tatu, akajenga kwenye uwanja wa mama mkwe wake, bibi Somoe, na kwa mambo makubwa ya mtoto yeye alikuwa anaarifiwa tu, haulizwi.

Ndivyo alivyoarifiwa kuhusu jando. Bibi Somoe alikuja asubuhi kwenye kibanda anaposhonea Asadi, akakaa juu ya rundo la mikanda.

"Nkwe wangu, ntoto keshakua. Mwezi wa sita shule zikifungwa anaingia jando na wenzake. Njomba wake keshasema."

"Amesema lini, mama?"

"Keshasema."

Asadi akavuta uzi. "Na siku ya kutoka? Wenzake watabebwa mabegani. Mgongo wa Amiri hauwezi kukaa mabegani mwa mtu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ntengenezee cha kukalia, njomba wake akivae mgongoni. Si ndiyo kazi yako?"

"Kwa nini nisimbebe mimi, mama? Mimi ndiye ninayembeba kila siku."

Bibi Somoe alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira. "Weye ulimwona wapi baba akabeba mwali?" Akaondoka na kipande cha mkanda alichokipenda, bila kuomba.

Kwao mwali si msichana peke yake, hata mvulana aliyetoka jandoni huitwa hivyo. Siku ya kutoka, wali huogeshwa, huvishwa nguo mpya, hupakwa mafuta wakang'aa, kisha wajomba huwabeba juu juu toka kumbini, walikokaa jando, hadi uwanja wa nyumbani, wakiruka nao kwa ngoma, kijiji kizima kikiwafuata kwa vigelegele. Tangu Amiri alipoanza kuelewa mambo alikuwa akiwatazama wenzake wakipita hivyo, yeye akiwa amefungwa kwenye kiti chake pembeni mwa njia. Aliposikia zamu yake imefika, hakulala. Alimuuliza baba yake swali lile lile jioni nzima: "Nitakuwa juu kabisa, baba? Juu ya watu?"

"Utakuwa juu kabisa."

"Mjomba ataruka na mimi?"

Asadi akasema ndiyo, na neno lilimtoka kama mwiba unaochomolewa.

Ijumaa iliyofuata Hemedi alikuja kupimwa. Alivua shati bila kuombwa, akainua mikono. Asadi alizungusha mkanda kifuani kwake, ukaenda, ukaenda, naye ikambidi azunguke mwenyewe kwenda kuupokea upande wa pili. Amiri alicheka hadi machozi yakamtoka. "Baba umepotelea nyuma ya mjomba!" Hemedi naye akacheka, Tatu akacheka jikoni. Asadi alichora alama ya chaki kwenye mkanda akasema, "Imetosha." Hakuwa akicheka.

Usiku huo Tatu, ambaye hakuwa mjinga, alimwambia taratibu, "Baba Amiri, usinune. Ni siku moja tu."

"Sijanuna. Ila ni mwanangu."

"Na Shaibu alikuwa mwana wa nani?"

Shaibu ni mtoto wa dada yake Asadi, kule Nanyamba. Mwaka aliotoka jandoni, Asadi alimbeba mabegani toka kumbini hadi nyumbani, akaruka naye hadi kanzu ikalowa, na hadi leo akisimulia siku hiyo huinuka kitini.

"Ulipombeba Shaibu," Tatu akasema, "baba yake alikuwa amesimama wapi?"

Asadi alitafuta kichwani mwake. Alimkumbuka mpiga ngoma, alikumbuka rangi ya kofia ya Shaibu. Shemeji yake hakumwona popote. Akageukia ukutani akasema analala.

Ungedhani maneno hayo yatamtuliza. Wivu hautulizwi kwa hoja, ukiutolea hoja hutafuta hoja yake. Kesho yake alianza kazi. Alitengeneza fremu nyepesi kwa mabomba ya kiti kibovu, akaisukia kikalio cha mikanda, akaweka egemeo refu la mgongo na mikanda miwili ya kumshika mtoto kifuani na kiunoni, iliyotandikwa sponji ndani. Alikipandisha kikalio juu kiasi kwamba kifua cha Amiri kingekuwa usawa wa kichwa cha mbebaji, ili aonekane na kila mtu. Kilikuwa kitu kizuri. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kushona mshono mzuri kuliko ule.

Ikabaki mikanda ya mbebaji: miwili ya mabegani, na mmoja wa kupita kifuani wenye kulabu upande huu na pete upande ule. Bizimu alikuwa nazo, tena za chuma kizito, amezitoa kwenye gari. Alizipanga mezani. Kisha akauchukua ule mkanda wenye alama ya chaki ya kifua cha Hemedi, akaukunja, akaushona ukawa mpini wa begi la mtu. Akajipima mwenyewe.

Alijiambia bizimu huteleza. Alijiambia mtu akiruka ruka na mtoto asiyejiweza, bizimu inaweza kuachia, na ribiti haiachii. Alijiambia ni usalama wa mwanawe. Alipiga ribiti tatu kila bega na tatu kila upande wa mkanda wa kifua, kwa kipimo cha mwili wake mdogo, akitwanga hadi vichwa vikalala kabisa. Akakivaa, akakaza kulabu, kikamkaa kama shati lake. Bibi Somoe alipokuja kukitazama alikishika, akasema Mwenyezi Mungu ambariki, akaenda zake. Hakuna aliyewaza kukijaribu mgongoni mwa Hemedi. Nani angewaza kwamba fundi kama yule angekosea kipimo?

Siku ikafika. Wali walitolewa kumbini, nyuma ya mikorosho, wakiwa wamevishwa kanzu nyeupe na kofia mpya, wakiwa wameinamisha macho kama walivyofundishwa. Amiri alikuwa amekaa tayari ndani ya kiti chake juu ya meza, mikanda imemshika vizuri, ametulia kwa heshima, lakini vidole vyake vilikuwa vinacheza. Wajomba wakaanza kuwainua wenzake. Ngoma zikaitikia.

Hemedi alikigeuzia kiti mgongo, akachuchumaa, akapitisha mkono wa kwanza. Ukapita kwa shida. Mkono wa pili ukaishia kwenye kiwiko. Alijivuta, akajikunja, mtu akamsukuma kwa nyuma. Wapi. Kulabu na pete vilitazamana kwa mbali kwenye kile kifua, na mishono haikulia hata kidogo.

"Shemeji," Hemedi akasema akihema, bado akitabasamu, "nimenenepa tangu uniweke chaki?"

Watu wakacheka. Wajomba wengine walikuwa wameshaanza kwenda, vumbi linapanda, wali wao wanayumba juu. Macho ya Amiri yakawafuata.

"Labda nimbebe mimi," Asadi akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyokuwa tayari.

Hemedi alimtazama. Akazitazama zile ribiti, akapitisha kidole juu ya vichwa vyake. Tabasamu likamwishia. Hakuwa fundi, lakini kazi yake yote ilikuwa kubeba, na mtu wa kubeba anautambua mkanda uliokatwa ili yeye asibebe.

"Mbebe," akasema. "Mtoto asichelewe."

Bibi Somoe akashika kiuno. "Haya ndiyo mambo gani?" Lakini Asadi alikuwa ameshavaa, kulabu imeshaingia kwenye pete, na Amiri ameshapanda juu. "Ng'ombe haelemewi na nundu yake, mama," akamjibu, akaondoka.

Alikuwa na furaha, tusimnyime. Alisikia uzito wa mwanawe mgongoni, akasikia pumzi yake ya haraka juu ya utosi wake, akasikia vigelegele, akaruka. Akaruka tena. Amiri akapiga kelele ya raha, kile kicheko, kile kile, na Asadi akafikiri moyoni: kumbe ndivyo kinavyosikika ukiwa chini yake.

Lakini baiskeli ilikuwa imemdanganya. Kwa miaka yote ile ni magurudumu yaliyombeba Amiri, na Amiri alikuwa amekua sana bila baba yake kulisikia hilo mwilini. Njia ya kwenda nyumbani inapanda, na mchanga wake ni laini, ukikanyaga unarudi nusu. Asadi aliruka hadi kwenye duka la kwanza. Kutoka hapo alitembea. Kisha alitembea ameinama. Ule mkanda wa kifua, uliokatwa kwa kipimo cha mtu aliyesimama wima akiwa ametulia, sasa ulikuwa unambana kifua kilichotaka hewa, na hapakuwa na cha kulegeza. Wajomba wengine waliwapita kushoto na kulia. Ngoma zikapita. Wanawake wakapita wakigeuka kutazama. Asadi akashuka taratibu hadi mikono yake ikagusa mchanga, akabaki hapo kwa miguu minne, mtoto akiwa juu yake salama kabisa. Hakuna uzi hata mmoja uliokuwa umeachia.

Hemedi, ambaye alikuwa akifuata nyuma, aliifungua kulabu, akakishusha kiti chini.

Ngoma zilikuwa zimeshafika kwenye kona. Amiri alizisikiliza zikiondoka. Hakulia. Alishika ule mkanda wa bega uliokuwa umelegea pembeni yake, akaupapasa kama mtoto aliyekulia kibandani anavyopapasa mkanda, akafika kwenye ribiti.

"Baba, mbona hukuweka bizimu?"

Asadi alikuwa bado anatafuta pumzi.

"Vitu vyangu vyote vina bizimu," mtoto akasema. "Wewe husema cha kuvaliwa na mtu kiwekewe bizimu."

Angeweza kusema bizimu huteleza. Lilikuwa tayari mdomoni. Alimtazama Hemedi, akaona hata yeye anasubiri kulisikia, na pengine angelikubali mbele ya mtoto.

"Nilitaka nikubebe mimi," akasema. "Asikubebe mwingine."

Amiri akafikiri. "Hata kama sifiki?"

Kipigo angekivumilia kuliko neno hilo. Asadi aliinuka akamnyang'anya mtu panga mkononi, mzee mmoja aliyekuwa akitoka shambani, akaokota jiwe. Aliweka makali ya panga juu ya ribiti, akagonga. Alizipiga kwa nguvu vile vile kama alivyozitia, cheche zikaruka, mchanga ukamwingia machoni. Moja moja zikakatika. Mikanda ya mabega ikafunguka, lakini ilikuwa mifupi, alikuwa ameikata mifupi makusudi. Akavua mkanda wa suruali yake, nao wa lori vile vile, mrefu, akaukata vipande viwili kwa panga, akaviunga kwa mafundo. Mafundo! Kitu ambacho fundi mikanda huwacheka watu kwacho. Alivuta kila fundo kwa meno.

"Ingia," akamwambia Hemedi.

Hemedi akaingia mkono wa kwanza, akaingia wa pili. Mkanda wa kifua waliuacha ukining'inia. Akasimama, na Amiri akapanda juu, juu kuliko alivyokuwa dakika chache zilizopita, hadi akaiona kona na vumbi la wenzake.

"Shemeji, mafundo yatashika?" Hemedi akauliza.

"Nitakishika kiti kwa nyuma. Twende."

Wakaenda. Hemedi akaanza kwa hatua ndefu, na Asadi nyuma yake, mkono mmoja umeukamata ubavu wa fremu, mkono wa pili umeishikilia suruali isimfedheheshe. Mzee mwenye panga alibaki akicheka peke yake njiani. Ngoma zilianza kusikika tena. Hemedi akaongeza mwendo, kisha akakimbia, na kila hatua yake ilikuwa mbili za Asadi. Juu, viganja vya Amiri vikaanza kupiga kwenye kichwa cha mjomba wake, kwa pigo lile lile la njia ya shule. Asadi aliliona. Lilimuuma palepale pa siku zote, wala halikupungua hata chembe. Akaikamata fremu kwa nguvu zaidi.

Mafundo yalikuwa yameshika. Aliyatazama kwa jicho la fundi akaona yameshika, hayahitaji mkono wa mtu.

"Baba," Amiri akaita kutoka juu, bila kugeuka, macho yake yakiwa kwa wenzake, "achia, unatuvuta nyuma."

Asadi akaachia.